Doa Jeusi Chini ya Gari la Baba

Karafuu zimeanikwa tena uani, na jana mwanangu aliniuliza kwa nini bibi yake hakubali gari lolote lisimame upande wa juu wa uwanja. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu alikuwa anachelewa chuoni, lakini jibu lenyewe ni refu, nami nisingependa lipotee.

Ilikuwa ni ile Corolla ya mwaka 1989, ambayo Baba aliinunua ikiwa imekwisha kuzeeka, akawa anaiendesha baina ya Wete na Chake Chake kwa barabara ya zamani. Msimu ule ilianza kuacha doa jeusi kila iliposimama, na kijiti cha kupimia oili kikawa kinaonesha upungufu karibu kila wiki. Usiku mmoja mvua ya vuli ikayateremsha mafuta hayo mpaka mahali pa kuanikia. Asubuhi Mama alitandika majamvi bila kuona kitu, na jua lilipopanda, karafuu za upande mmoja zikawa zinanuka gari. Karafuu iliyoshika harufu ya mafuta haina daraja, na zile zilikuwa zimechumwa kwa mikono yake.

Gereji moja ya mjini ilikwisha kutoa hukumu: oili sili ya nyuma ya krankshafti, yaani mpira unaozuia oili isivuje kwenye mhimili mkuu wa injini, imekufa, kwa hiyo ili kuifikia giaboksi iteremshwe, kluchi itolewe na flaiwili ifunguliwe. Ushahidi wao ulikuwa kwamba oili ilidondoka pale pale injini inapoungana na giaboksi. Baba alikuwa anahesabu magunia ya kuuza ili alipe gharama hiyo, ndipo Ami, aliyezoea mashine za boti, alipomwambia, "Kaka, tusiteremshe chombo kizima kwa sababu ya tone. Tuioshe kwanza, kisha ituoneshe wenyewe."

Kwanza alichovya kidole katika tone lile akalinusa. Lilikuwa jeusi na halikuwa na ule ukali wa oili ya giaboksi, basi giaboksi ikaondolewa shakani. Akaukagua mpira wa kupumulia injini, kwa kuwa ukiziba, mgandamizo wa ndani huisukuma oili itoke kwenye sili yoyote iliyo dhaifu; ulikuwa wazi. Kisha akaifunga distributa, kile kifaa kinachogawa cheche za moto wa kuwashia injini, kwa mfuko wa plastiki, akaiosha injini kwa mafuta ya taa, akaisuuza kwa maji ya sabuni na kuiacha juani.

Baada ya Magharibi alimwomba Mama kopo la poda. Mama alilitoa bila kusema neno, ingawa alikuwa bado na uchungu wa karafuu zake. Ami aliipuliza poda ile juu ya injini kavu, kuanzia ukingo wa kava ya juu, kupita nyuma ya distributa, mpaka kwenye kiungo cha giaboksi, na yote ikawa nyeupe. Baba akawasha gari na kuliacha lipate moto, maana oili ya moto huwa nyepesi na hupenya pale ambapo ya baridi husita. Mimi nilipewa tochi na kipande cha kioo, nikaambiwa nisiupeleke mwanga kwingine. Nilikuwa mdogo, na sijawahi kukitazama kitu kwa muda mrefu namna ile. Ukingo wa kava ulibaki mweupe, na kiungo cha chini vilevile. Halafu chini ya distributa, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo, poda ikageuka kijivu, ikalowa, na mstari mwembamba ukaanza kuteremka taratibu kwenye ubavu wa injini kuelekea giaboksi. Nikasema, "Ami, hapa."

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Alichora alama kwa msumari ili distributa irudi pale pale, kwani ikizungushwa kidogo tu moto huwahi au huchelewa, akafungua bolti mbili na kutoa pete ya mpira iliyokuwa ngumu kama ukucha. Aliponipa nijaribu kuikunja, ilikatika. Pete mpya ilipatikana Chake kwa bei isiyofika ya kilo moja ya karafuu, na doa halikuonekana tena.

Waliobishana ni Baba na Ami. Ami alisema wale wa gereji walitaka pesa tu. Baba alisema oili ilidondoka kweli pale waliposema, na fundi mwenye foleni ya magari mlangoni huangalia panapodondoka. "Angeangalia juu yake," alijibu Ami. Kwa miaka mingi nilikuwa upande wa Ami, kwa sababu ya magunia yale. Siku hizi sina hakika. Baba aliichukua ile pete iliyokatika akaenda nayo gereji, akakaa huko mpaka Adhuhuri, na waliyozungumza hakumwambia mtu.