Boma tumejenga, mafuta je?

Daftari la michango bado ninalo mimi. Lina jalada gumu, ukurasa wa nne umemwagikiwa chai, na humo tumeandikwa karibu kata nzima: aliyetoa 2,000, aliyetoa mfuko wa saruji, aliyeleta tripu ya mchanga. Kuna bibi alikuja na jogoo akaniambia, "Mwanangu, hela sina, muuzeni huyu." Tulimuuza mnadani siku hiyo hiyo kwa 18,000, nikaandika.

Ndivyo tulivyopata kituo cha polisi. Matofali tulifyatua na kuchoma wenyewe, boma likafika kwenye lenta, likanyeshewa misimu miwili ya mvua, ndipo bati zikaja kutoka serikalini. Ni kituo cha daraja C, kile cha ngazi ya kata. Siku ya ufunguzi tulicheza ngoma, nami nilicheza.

Sasa niwasimulie usiku wa kuamkia mnada. Duka langu lilivunjwa. Kofuli lilikatwa, wakabeba mchele, sukari, mafuta ya kula na simu za wateja nilizokuwa nazichaji. Nikampigia askari wa zamu, kijana mpole tu, namheshimu. Akanijibu, "Mama, pikipiki ipo. Petroli ndiyo hakuna. Ya mwezi huu iliisha tarehe 11." Nikamtumia 10,000 kwa simu. Baada ya dakika arobaini hivi akawa mlangoni kwangu na tochi. Alipotaka kuandika maelezo yangu aliniuliza kwa aibu kama nina karatasi. Rimu ilikuwa kwenye rafu, wezi hawakuigusa. Basi nikaibiwa, nikalipia usafiri wa polisi, na maelezo yakaandikwa kwa karatasi za dukani kwangu. RB, ile namba ya taarifa yako polisi, nilipewa, hilo siwezi kulikana.

Je, ile 10,000 ilikuwa rushwa? Mume wangu anasema ndiyo. Mimi nasema kijana alikuja, pikipiki niliiona, na tanki lilikuwa kavu kweli. Lakini risiti sina, na wala hakuna kitabu duniani kinachoonyesha kwamba mimi niligharamia polisi wa Jamhuri usiku ule.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma bajeti kwenye simu, wanangu wananicheka. Polisi wako kwenye Fungu 28, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kuna mishahara, kuna maendeleo, na kuna kitu kinaitwa matumizi mengineyo. Hapo ndipo petroli ya yule kijana ilipo, pamoja na karatasi zake, na umeme, na chakula cha mahabusu. Mishahara lazima ilipwe, majengo yanazinduliwa kwa utepe na picha. Matumizi mengineyo hayana utepe. Tena Bunge likishapitisha si kwamba fedha zimefika. Hazina hutoa kadiri makusanyo yanavyoruhusu, halafu zipite makao makuu, mkoani, wilayani. Sisi tuko kilometa 38 kutoka wilayani. Kinachotufikia ni mabaki ya mabaki.

Wengine hapa kijiweni hudai polisi wana hela za faini za barabarani. Faini ya gari ni 30,000, na ya bodaboda ilishushwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Unapewa namba ya malipo, unalipa, fedha zinaingia serikalini. Haziendi kwenye tanki la pikipiki ya kata yetu. (Zile zisizo na namba ya malipo ni habari nyingine, na hapa si mahali pake.)

Marehemu baba alikuwa sungusungu miaka ya themanini, ule ulinzi wa wanakijiji uliozaliwa huku huku kwetu, pande za Kahama na Shinyanga. Upinde wake, makubazi yake, viazi vyake mfukoni. Nadhani serikali ilionja ulinzi wa bure wakati ule na ladha haijaisha mdomoni. Tofauti ni kwamba baba hakuwa ameajiriwa na mtu, na mwizi alimfuata kwa miguu.

Jumamosi tunaitwa tena kwenye mkutano. Safari hii ni nyumba za askari, kwa sababu wanapanga vyumba mitaani, ukuta kwa ukuta na watu wanaotakiwa kuwakamata. Hoja ni ya kweli na nitachanga. Lakini jana usiku nilifungua daftari, nikaandika mstari mpya chini ya saruji ya mwisho: jina langu, petroli, 10,000. Mwenyekiti akiuliza huo ni mchango wa ujenzi gani, diwani atakuwa amekaa palepale mezani, na nitaomba ajibu yeye.