Lambo la korongoni: mpira umekubali, hesabu imegoma

Hatimaye mzunguko wa kupima miinuko umefunga. Kilomita moja kwenda, moja kurudi pale nilipoanzia, tofauti ya kimo sentimita 2 na nusu. Aliyewahi kupima tambarare kwa mpira wa maji ataelewa kwa nini kijana anayenishikia upande wa pili jana alikunywa soda mbili.

Kazi ni hii: kutafuta pa kuweka lambo kwenye korongo linalopita pembeni ya shamba letu huku Dodoma, nipate maji ya vitunguu mpaka Oktoba. Sehemu ni tatu: penye mikwaju, palipopinda, na chini ya kivuko cha ng'ombe.

Nilianza kivivu, kwa data ya miinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani, ndani ya QGIS, programu ya ramani. Milimani inafaa sana. Huku kwetu ni kichekesho. Kila kisanduku kina mita 30, kimo kinaandikwa kwa mita nzimanzima, na kichaka cha miiba nacho kinahesabiwa kuwa ardhi. Kwa mujibu wake, maji ya korongo letu yanashuka mita 5, yanapanda 4, kisha yanashuka tena. Nikailainisha, nikaziba mashimo, nikakesha siku tatu. Programu ikanichorea bwawa zuri ajabu juu ya kichuguu cha jirani. Kimo cha GPS ya simu ndio kabisa, sikitaji.

Basi nikarudi kwenye mpira wa mafundi ujenzi, mita 20, ule mweupe unaoonyesha maji: ncha zote mbili maji hukaa usawa mmoja, unasoma tofauti kwa rula. Mzunguko wa kwanza ulikosea sentimita 41. Wa pili, 33. Nikamlaumu kijana, nikalaumu rula, nikalaumu upepo. Kumbe ni hewa. Nilikuwa naujaza bombani kwa pupa, na jua likipanda vipovu vinaungana katikati, pale mpira unapolala kwenye nyasi usipaone. Kipande cha hewa cha urefu wa kidole kinatosha kuharibu asubuhi nzima. Sasa naufyonzesha maji polepole kutoka kwenye ndoo, jioni, naacha maji yatulie usiku kucha, natia bluu ya kufulia kidogo ili kipovu kionekane, na saa tatu asubuhi nafunga kazi hata kama nimebakiza hatua kumi. Levo ya kukodi, ile darubini ya wapima ardhi, ingemaliza haya kwa siku moja, najua. Bei ya kuikodi naijua pia.

Jibu: korongo linashuka mita 4 kwa kilomita, yaani 1 kwa 250. Nikaenda palipopinda, ambapo tuta la mita 120 lingetosha. Kina cha mita 3, maji yanarudi nyuma mita 750. Zidisha vyote, gawa kwa 6 kwa sababu kina kinapungua kuelekea pembeni na nyuma: mita za ujazo 45,000. Nilirukaruka.

Kisha nikakumbuka jua. Dodoma maji ya wazi hupoteza zaidi ya mita 2 kwa mwaka, na mvua yenyewe ni kama milimita 570. Tangu mvua ikatike Aprili mpaka mwisho wa Oktoba, weka mita 1.2. Kwenye mita 3 si mbaya, utasema. Lakini bonde ni sahani, si ndoo: kina kikibaki 1.8, ujazo unabaki karibu 9,700. Zaidi ya robo tatu imepanda mbinguni kabla sijapiga pampu, na bado sijahesabu yanayonywewa na ardhi wala tope. Bwawa la Hombolo, hukuhuku Dodoma, la tangu 1957, lina tope na chumvi, nalo ni bwawa kubwa.

Wiki hii ilikuwa ya mashimo ya majaribio, nione kama kuna mfinyanzi wa kujengea tuta. Sikuchimba hata moja. Nilikuwa napita korongoni na nondo ya milimita 12 mkononi, nikawa naichomeka mchangani bila sababu. Ikazama mita 1.8 ndipo ikalia *ngo*. Mama mmoja akaniita kutoka kwenye kisima chake cha kufukua:

"Mwanangu, usinitobolee kisima!"

"Shikamoo mama. Haya maji yanakauka lini?"

"Marahaba. Mwezi wa tisa, tukichota vibaya."

Mwezi wa tisa! Juu pamekauka tangu Mei.

Kwa hiyo ukuta uzikwe mchangani mpaka kwenye mwamba, kama wanavyofanya Kitui, Kenya. Upana mita 14, kina 1.8, maji yanarudi nyuma mita 450, yanapungua kwenda juu, mchanga ukitoa robo ya ujazo wake: kama mita za ujazo 1,400. Ekari moja ya vitunguu inakula 2,000 hivi. Kuta tatu, ekari mbili, na jua halifiki kule chini. Kibali cha bodi ya maji ya bonde kitahitajika vilevile.

Jumamosi naenda na nondo ya mita 3 na nyundo, kila hatua kumi kuanzia kwenye kisima cha yule mama, pembeni yake kidogo.