Pampu haikuwa imekufa, ilikuwa inanyonya hewa

Trekta letu dogo la kukata nyasi, hapa shuleni Iringa, lilianza kulia Jumatatu, siku niliyorudi kutoka likizo. Injini haikuwa na tatizo. Ilikuwa sauti nyembamba kutoka chini ya kiti, kama mbu aliyeingia sikioni, na kadiri nilivyokata nyasi ndivyo ilivyozidi. Visu, ambavyo hunyanyuliwa na haidroliki, yaani nguvu ya oili inayosukumwa na pampu, vilipanda kwa kushtukashtuka. Baada ya nusu saa trekta lenyewe, ambalo magurudumu yake huendeshwa na oili hiyohiyo, likaishiwa nguvu, likashindwa kupanda mwinuko wa nyuma ya bweni.

Fundi mmoja mzee alikuja, akasikiliza dakika mbili, akasema, "Pampu imekufa, kijana wangu. Tafuteni nyingine." Bei aliyotaja ingemaliza fungu la uwanja la mwaka mzima. Nilimshukuru, lakini moyo haukukubali. Pampu inayokufa kwa kuchakaa huchoka taratibu, miezi na miezi, na hii niliiacha nzima.

Nilianza na kipimo cha oili. Kiwango kilikuwa sawa, ila oili imepauka na imejaa povu. Oili hupauka namna hiyo kwa maji au kwa hewa. Nikachota kidogo kwenye chupa ya kioo, nikaiacha dirishani usiku kucha. Yenye maji hubaki na weupe kama chai ya maziwa, au maji hujitenga yakakaa chini. Yangu asubuhi ilikuwa angavu kabisa. Basi ni hewa.

Imeingilia wapi? Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa sababu tunatafuta mahali panapovuja. Kwenye mipira ya presha, ile ambayo pampu inasukumia oili, ndiyo, oili hutoka. (Na huko usipapase kwa mkono kamwe: tundu dogo kama la sindano hurusha oili kwa nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha hilo, hata likionekana si kitu, ni la kukimbilia hospitali. Mimi hupitisha kipande cha boksi.) Lakini kati ya tangi na pampu, pampu inanyonya. Palipolegea pale panaingiza hewa, na injini ikiwaka, kwa nje unapaona pakavu.

Nikakumbuka kitu nilichokiona nikakipuuza: asubuhi palikuwa na unyevu chini ya filta ya haidroliki, wa kulowesha ncha ya kidole tu. Mchana hapakuwa na kitu. Trekta likilala, uzito wa oili iliyo juu unaisukuma itoke. Likiwashwa, hewa inaingia kwa mlango uleule.

Ili nihakikishe, niliteremsha visu mpaka chini, nikavuta breki, nikaiacha injini iungurume taratibu, nikachukua bomba la sindano na kudondoshea oili safi kila kiungo cha upande wa kunyonya. Klampu ya kwanza, sauti ileile. Ya pili, ileile. Nilipozungusha oili kwenye ukingo wa filta, mlio ukakatika kwa sekunde chache, kisha ukarudi. Nilitamani kupiga kelele kwa furaha.

Kuifungua filta, nikakuta raba mbili. Filta ilibadilishwa nikiwa likizo, raba ya zamani ikabaki imegandia kwenye kitako, mpya ikafungwa juu yake. Nikaibandua ile ya zamani, nikafuta kitako kwa kitambaa safi, nikapaka oili raba ya filta mpya, nikakaza kwa mkono, bila spana.

Kutoa hewa kulichukua muda kuliko kutengeneza. Magurudumu ya mbele tuliyawekea mawe, nyuma tukainua kwa jeki na kuliegemeza kwenye stendi za chuma. Injini taratibu, kijana ninayefanya naye kazi akikanyaga pedali mbele na nyuma polepole, kisha visu vikipanda na kushuka. Nikazima, nikapima, nikaongeza oili maana kiwango kilikuwa kimeshuka. Tukarudia. Mara ya tatu mlio ulikuwa umekwisha, na asubuhi iliyofuata chini ya filta palikuwa pakavu.

Uwanja tuliumaliza Ijumaa. Limebaki jambo moja: visu nikiviacha juu na injini nimeizima, hushuka vyenyewe polepole, asubuhi navikuta chini. Hiyo si hewa. Nashuku sili, raba ya kuzuia oili, ya silinda inayonyanyua visu. Nitaifungua mvua zikiisha, nyasi zikipunguza kasi.