Malagarasi, mto uliosimamisha misafara

Kila nikisafiri kutoka Tabora kurudi nyumbani Kigoma naomba kiti cha dirishani, na sababu ni Malagarasi. Tukishaiacha Nguruka naanza kunyoosha shingo. Basi linaingia Daraja la Kikwete, mita 275, na punde tu tumeshavuka. Jana abiria wengi walikuwa usingizini. Iliniuma, maana katika njia nzima sijui mahali pazito kama pale.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilifika kwenye mto huu ikakwama. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuja na nguo na shanga, wakarudi na pembe za ndovu. Walipita hapa pia watu waliofungwa minyororo, wakiswagwa kuelekea pwani, na hao siwezi kuwapita haraka. Mto una kina na mamba. Mitumbwi ilikuwa ya Wavinza, na wakuu wao walitaka hongo kwanza, yaani ushuru wa kupita, kisha wapiga kasia nao wanadai ujira wao. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilipa mwaka 1858. Stanley alilipa mwaka 1871, zikiwa zimebaki siku chache amwone Livingstone pale Ujiji, na punda wake aliyeitwa Simba akakamatwa na mamba wakati anavushwa.

Habari hizi huwa zinasimuliwa kwa ajili ya wageni hao. Mimi nawawaza zaidi wenye mitumbwi, walioujua mkondo wa masika na wa kiangazi, wakavusha bidhaa za misafara hiyo. Wao ndio waliokuwa daraja.

Jirani yangu kwenye basi, mama mmoja anayefanya biashara ya mawese, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mwanangu, hao Wavinza walitoa wapi nguvu ya kuwatoza watu wote hao?" Nikamjibu: mto, na chumvi. Chemchemi za Uvinza zimechemshwa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na watu walitoka mbali kuifuata, wa Unyamwezi na wa kandokando ya ziwa. Bibi yangu wa Ujiji hakukubali dagaa atiwe chumvi nyingine.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo sisi tukawa watu wa treni. Barabara ilikuwa ya kubahatisha, hasa masika. Kwa hiyo daraja hili, lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini pamoja na kilomita 48 za barabara zake na kufunguliwa mwaka 2015, ni jambo kubwa kwetu. Mgonjwa, mwanafunzi, gunia la dagaa, wote wanapita. Nalipenda kwa moyo wote.

Ila natamani pale darajani pawe na jiwe kubwa lenye maandishi ya Kiswahili, liwataje wapagazi, wapiga kasia na wale wa minyororo, na watoto wa shule za Uvinza waletwe kulisoma wakiwa na mwalimu wao. Safari ijayo nitashuka Uvinza nilale hapo. Nataka kuwatafuta wazee wanaojua vivuko vya zamani vilikuwa wapi hasa, niandike majina yake yote kabla hawajatutoka.