Jinsi nilivyokizoea kitenzi erchomai kwa kuifuata saa ya Yohana

Jedwali la kitenzi erchomai, yaani kuja, humchosha mwanafunzi wa Kigiriki cha Agano Jipya kabla hajasoma hata mstari mmoja. Wakati uliopo ni erchomai, ujao ni eleusomai, aoristo (umbo la tendo lililopita, likitazamwa kama jambo zima) ni ēlthon, na hali timilifu ni elēlytha. Zaidi ya hayo, umbo la wakati uliopo lina mwisho wa -mai, ambao si wa kauli ya kutenda, ilhali maana yake ni ya kutenda tu, kisha ēlthon inarudi kwenye viambishi vya kawaida vya kauli ya kutenda. (Sisi wasemaji wa Kiswahili tusilalamike sana, maana kitenzi chetu ni kuja, lakini tukimwita mtu tunasema njoo.)

Badala ya kulikariri jedwali, niliamua kuifuata nomino moja, hōra, yaani saa, katika Injili ya Yohana, ambamo huandamana na kitenzi hiki tena na tena. Katika 4:21 Yesu anamwambia mwanamke Msamaria erchetai hōra, saa inakuja. Katika 7:30 watu wanataka kumkamata, wala hakuna anayemgusa, kwa kuwa oupō elēlythei, saa yake ilikuwa haijafika. Katika 12:23, baada ya kuletewa habari za Wayunani waliotaka kumwona, anajibu elēlythen, saa imefika, na hapo hali timilifu inafanya kazi ileile ya -me- yetu. Sura ya 13 inapoanza, mwandishi anatumia aoristo, ēlthen, kwa saa hiyohiyo, na mimi sioni sababu ya kujenga hubiri zima juu ya tofauti hiyo.

Mwelekeo ndio ulionidai uangalifu zaidi. Katika Luka 7:8 akida anatenganisha poreuomai, kwenda, na erchomai, kuja, lakini kwingineko erchomai hubeba yote mawili, na msomaji huamua kwa kutazama msimulizi amesimama wapi. Yohana 4:30 inasema Wasamaria exēlthon, walitoka mjini, kisha ērchonto pros auton: kitenzi cha kwanza ni aoristo, tendo limekwisha, cha pili kinaonyesha tendo linaloendelea wakati uliopita, yaani wakawa wanamwendea. Au tuseme wanamjia? Nilichagua kumwendea, kwa sababu wakati huo jicho la msimulizi bado liko langoni pa mji. Mstari unaofuata unahamia kisimani, ambako wanafunzi wanamsihi Yesu ale, naye anawaeleza habari za chakula wasichokijua na mashamba yaliyo tayari kuvunwa, huku wale watu wakiwa bado njiani. Ni katika mstari wa 40 tu ndipo Yohana anapoandika ēlthon: wamefika, nao wanamwomba akae kwao.