Si lazima uwe steringi: kuishi kwa nafasi za pembeni kwenye filamu za Uingereza

Wengi wetu tumemwona Pete Postlethwaite bila kumjua jina. Ni yule mwenye mashavu yaliyobonyea na mifupa ya uso iliyochomoza, aliyecheza Lorbeer katika The Constant Gardener (2005), filamu iliyopigwa kwa sehemu kubwa Kenya, Kibera na Loiyangalani zikiwemo. Hakuwa steringi. Alikuwa mtu wa nafasi za pembeni, na kazi hiyo ilimlisha hadi alipofariki Januari 2011, miezi michache tu baada ya Inception na The Town kutoka.

Alizaliwa Warrington mwaka 1946, akasomea ualimu na kufundisha, ndipo akaingia chuo cha uigizaji cha Bristol Old Vic. Miaka ya 1970 alikuwa jukwaani katika ukumbi wa Everyman, Liverpool, pamoja na akina Bill Nighy na Julie Walters. Filamu iliyompa uteuzi wa Oscar, In the Name of the Father, ilitoka 1993, akiwa anakaribia miaka 50. Humo ni baba wa Belfast; miaka mitatu baadaye, katika filamu ya Brassed Off, ni kiongozi wa bendi ya tarumbeta ya wachimba makaa wa Yorkshire. Alichokuwa akiuza ni mtu wa mahali fulani, si sura ya kuvutia. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukija na hilo mkononi tunapata kazi huku Uingereza, ila kwanza makaratasi.

Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kuigiza kwa malipo wala kujiajiri, hata kama ni siku moja na hata kama bado ana saa zake za kazi za wiki. Wengi huponzwa hapo kwa kudhani saa 20 za wiki wanazoruhusiwa ni saa 20 za kazi yoyote. Viza ya Skilled Worker, ya mfanyakazi mwenye ujuzi, imekufunga kwa mwajiri wako, hivyo soma masharti yake kabla ya kusaini chochote. Mwenye ukaazi wa kudumu hana shida. Kampuni inayotengeneza filamu itakuomba uthibitisho wa haki ya kufanya kazi, kwa kawaida share code, namba unayoitoa kwenye tovuti ya serikali, kwa hiyo hakikisha inafunguka mapema, si asubuhi ya kupiga picha.

Ukishavuka hapo, unahitaji kuwemo Spotlight, orodha ambayo watafuta waigizaji wa huku huifungua kabla ya kitu kingine. Kuingia kunataka mafunzo au kazi za kulipwa zilizokwisha kufanyika. Kwenye lugha andika Kiswahili, na kwenye lafudhi andika Mombasa, Nairobi, Kampala, ile uliyo nayo kweli. "Lafudhi ya Kiafrika" haimwambii mtu kitu. Equity, chama cha waigizaji tangu 1930, hakiruhusu wanachama wawili kutumia jina moja la kazi. Akina Mohamed Ali mnaelewa tatizo: fikiria jina la pili kabla hujachapisha picha. Postlethwaite, kwa upande wake, aliambiwa jina lake ni gumu mno, akabaki nalo.

Kuhusu wakala, yule anayekutafutia kazi, anachukua asilimia ya ulicholipwa, na VAT juu yake kama amesajiliwa. Hela hupita kwake kwanza. Anayekudai ada kabla hujapata kazi, achana naye.

Odisheni nyingi siku hizi ni video unayojirekodi nyumbani, na hapa ndipo sura zetu zinapoharibiwa na simu. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso mweusi unazama. Tundika shuka la kijivu au la buluu iliyofifia nyuma yako, umbali wa mita moja hivi. Kaa ukielekea dirishani. Usitegemee taa ya dari, inatia kivuli machoni. Gusa kwa kidole pale uso wako unapoonekana kwenye skrini ya simu na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, kisha sogeza kidole kidogo juu kama bado ni giza. Simu ilale kwa upana, lenzi iwe usawa wa macho, picha ianzie kifuani. Anayekusomea mistari ya wengine asimame karibu kabisa na lenzi ili macho yako yasitoroke, na aseme kwa sauti ya chini kuliko wewe, kwa sababu yuko karibu na maikrofoni na sauti yake itameza yako. Mwisho taja jina na urefu wako, geuka kushoto na kulia, umemaliza. Mara mbili au tatu zinatosha; ya kumi huwa imekufa.

Kuna wanaoanza kwa uekstra, wale wa kupita nyuma ya waigizaji wakinunua magazeti. Ni kibarua halali, lakini usikiorodheshe kwenye wasifu wako wa uigizaji, maana watafuta waigizaji hawakihesabu.

Kodi ndiyo inayoumiza kimyakimya. Mwigizaji huhesabiwa amejiajiri. Mwaka wa kodi huisha tarehe 5 Aprili, unajisajili kwa mamlaka ya kodi kufikia 5 Oktoba inayofuata, unajaza na kulipa kufikia 31 Januari. Deni likizidi pauni 1,000, kwa kawaida unadaiwa pia nusu ya kodi ya mwaka unaofuata siku hiyohiyo, na nusu nyingine 31 Julai. Aliyepata tamthilia moja nzuri ya televisheni na kutuma hela yote nyumbani hushtukia hapo. Kila malipo yakiingia, toa robo, iweke akaunti nyingine, na hiyo shangazi asiijue.