Siku Tatu Pemba na Feni ya Watu

Ukitaka kwenda Pemba kimya kimya, usimwambie jirani. Mie nilimwambia mmoja tu, tena kwa sababu alinikuta naanika begi juani, na kabla ya magharibi chumbani kwangu mlikuwa na bahasha mbili, dawa za presha za mzee wa Wete, na boksi refu kama mtoto wa darasa la pili. Ndani ya boksi mna feni ya kusimama.

"Nipelekee kwa mama, Konde. Joto linamsumbua, halali maskini."

Tuko Agosti, kusi linavuma mpaka nguo zinakimbia kambani, na mama mtu anasumbuliwa na joto. Lakini mama wa mtu hajadiliwi. Nikasema haya, lete.

Safari yangu ilikuwa ya siku tatu: naondoka Alhamisi, narudi Jumamosi. Nilikuwa nimepanga kulala Chake Chake, mji wa katikati ya Pemba, siku zote mbili, niende kisiwa kidogo cha Misali, nipumzike na kelele za skuli. Konde haikuwamo. Konde iko kaskazini kabisa na boti inafika Mkoani, kusini kabisa, kwa hiyo feni ile ilikuwa inanitaka nikipasue kisiwa kizima. Nakwambieni mapema ili mtu akikupa mzigo uulize kwanza unashukia wapi, ndipo upange pa kulala. Mie nilifanya kinyume.

Tuanze na boti. Tazama kwanza siku za kurudi, ndipo utazame za kwenda, maana kufika Pemba si kazi, kazi ni kuipata boti ya siku unayotaka kurudi. Tiketi nunua kabla ya siku yenyewe, na jina lifanane na la kwenye kitambulisho. Mie nilimtuma mtoto wa dada, naye akatoa jina langu la nyumbani, lile la kuitiwa chakula. Langoni Malindi, bandarini kwetu Unguja, kijana akakitazama kitambulisho, akaitazama tiketi, akanitazama mie, akairudia tiketi. Foleni nyuma yangu inaguna. Aliyeniokoa ni bibi mmoja aliyesema kwa sauti, "Mwache apite mwenye feni, anatuzibia njia." Nikapita kwa jina la feni.

Boksi likapimwa na kulipiwa mbali, kama mzigo. Nililifunga kwa kipande cha kanga nyekundu, na hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyofanya safari nzima. Mkoani mizigo ikishushwa, maboksi yote yanafanana na kila mtu anavuta. Andika jina, andika na simu, lakini zaidi ya yote funga kitu chenye rangi ambacho utakiona toka mbali.

Bahari ya Agosti si ya kutaniwa. Toka Malindi mpaka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, unakwenda na kisiwa ubavuni, watu wanazungumza, watoto wanapita na vitafunio. Ukishaipita Nungwi hakuna cha kukukinga tena, boti inaanza kupanda na kushuka, na maneno yanakatika moja moja. Hapo pia ndipo wengi wetu tunapoikumbuka MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea huko huko Pemba. Hakuna anayeitaja. Utaona tu mtu mzima anavuta uradi. Mie toka mwaka ule nikipanda chombo, kabla sijakaa natazama majaketi ya kuokolea yako wapi na mlango ulio karibu nami ni upi. Nakushauri nawe utazame.

Kuhusu kichefuchefu: kaa chini, usawa wa katikati au nyuma kidogo, usiende mbele kwa ajili ya kuona vizuri, maana huko mbele ndiko kunakoruka. Kula kidogo, saa mbili kabla. Mie hunywa chai ya tangawizi na kipande cha boflo kikavu, basi, na mkononi nina limau la kunusa. Simu weka mkobani. Bwana aliyekaa pembeni yangu alipanda na chipsi mayai kwenye mfuko, akala zote kabla ya Nungwi. Sitaki kusema zaidi.

Mkoani ukishuka usisimame ukapiga picha. Gari zinajaa boti inapofika kisha zinaondoka, na ukichelewa utakaa mpaka zirudi. Ukiwa na mzigo mrefu muulize konda bei yake kabla haujapanda juu. Ukishafungwa juu ya keria, bei anayo yeye.

Halafu njia. Sisi wa Unguja tumezoea ardhi iliyolala; Pemba ni kilima, bonde, kilima, bonde, na kila bonde lina mpunga au migomba. Mvua ya masika ilikuwa imeacha kila kitu kijani. Msimu wa karafuu ulikuwa umeanza, majamvi yametandazwa pembezoni mwa barabara kila penye uwanja, nyingine bado za kijani na nyekundu, nyingine zimeshakuwa nyeusi. Harufu inaingia garini hata vioo vikifungwa. Neno moja kwa mgeni: usikanyage jamvi la mtu na usiliruke. Zunguka. Zile ni ada za watoto na bati la nyumba.

Chake nilifika adhuhuri. Nikaacha begi na feni gesti (yule wa mapokezi aliliandika boksi kwenye daftari kama "mgeni wa pili", akacheka peke yake) nikachukua bodaboda kwenda Pujini, kwa Mkama Ndume. Ni karibu, kama kilomita kumi hivi, na unakwenda na kurudi mchana mmoja. Patana na boda akusubiri, maana kule gari ya kurudia hakuna.

Usitegemee jumba. Ni ngome ya karne ya 15 iliyobaki kuta zilizokatikakatika, tuta, mibuyu na majani. Lakini ukimpata mwenyeji wa kukusimulia, majani yale yanageuka kitu. Mkama Ndume, maana yake mkamuaji wa wanaume, alikuwa mtawala mkali, na inasimuliwa kwamba waliomjengea walibebeshwa mawe huku wanakwenda kwa makalio, si kwa miguu. Akawa na wake wawili wasiopatana, na kisima kimoja. Basi kisima kikatiwa ukuta katikati: mmoja anateremka ngazi kwenda kuteka, mwingine anateka kwa ndoo na kamba toka juu, wasionane. Ngazi zinaonekana mpaka leo. Nilisimama pale nikafikiria uwanja wetu wa nyumba ya kupanga na bomba letu moja.

Misali niliikosa, kwa mara ya pili sasa. Nahodha wa Wesha, bandari ya Chake, niliyezungumza naye jioni kwa simu aliniuliza swali moja tu, "Unaijua kusi?" nikaelewa. Ukitaka Misali bila ya roho juu, nenda kaskazi inapovuma na bahari imetulia, yaani Disemba mpaka Februari hivi, na uulize mapema habari ya maji: bamvua, yale maji makubwa, ni siku gani, yanajaa saa ngapi. Wazee husema jina limetokana na msala, kwamba kisiwa kimeelekea kibla na Nabii Khidhri alisali juu yake. Siku moja inshaallah.

Chake usiku inalala mapema. Pweza wa kuchoma, supu yake, muhogo, basi umekula. Ukichelewa baada ya isha utazungukia meza tupu. Na pesa toa hapo hapo Chake. Nilijidai nitatoa Konde, nikamkuta wakala anayesema, kwa upole kabisa, "Leo sina kitu, labda wewe uniwekee."

Ijumaa asubuhi nikapita Wete kushusha dawa za mzee, naye akanishindilia mandazi. Kwa anayetaka kuona kaskazini, Wete ndipo pa kulala, si Chake. Unajipunguzia nusu ya njia. Kati ya miji hiyo miwili kuna Kidike, penye popo wakubwa wa Pemba, wale wasiopatikana pengine popote duniani, wananing'inia mitini mchana kutwa kama miavuli iliyofungwa. Zamani walikuwa wakiwindwa mpaka wakakaribia kwisha, sasa wanakijiji wenyewe ndio walinzi. Nilikuwa na feni, sikushuka.

Konde niliingia saa sita na nusu mchana, siku ya Ijumaa. Hesabu hiyo ningepaswa kuipiga mapema. Maduka yanafungwa, boda wanavaa kanzu, mji unakwenda msikitini, na mie nimekaa barazani kwa mtu nimekumbatia boksi. Mtoto mmoja akaja akanitazama, akalitazama boksi, akauliza, "Mna nini mno?" Nikamwambia upepo. Akakimbia.

Baada ya sala watu wawili walinielekeza na wa tatu akanibebea. Bibi alikuwa ukumbini anachambua mchicha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu kuno, karibu. Nani wewe?"

Nikajieleza, nikatoa salamu, nikafungua boksi, nikaisimamisha feni na kuichomeka. Bibi akaitazama inavyogeuka huku na huku, kama mtu anayekataa kila anachoambiwa. Upepo wa kweli ulikuwa unapeperusha pazia nyuma yake. "Ahsante," akasema. "Mwanangu ana imani." Akaizima.

Nilikuwa nimekusudia kurudi Chake jioni ile. Bibi hakunikatalia, aliuliza tu, "Utakula saa ngapi?" nikajua nalala. Kumbe ndiyo iliyokuwa heri yangu, maana mjukuu wake ana pikipiki, tukapatana elfu ishirini ya mafuta na wakati wake, akanipeleka Ngezi mpaka Kigomasha.

Ukitoka Konde unapita mashamba ya mpira, kila mti umechanjwa na chini umefungiwa kikombe, kisha ghafla jua linazimika: umeingia msituni. Ngezi ni kipande kilichobaki cha msitu uliokuwa umeifunika sehemu kubwa ya Pemba kabla ya mashamba ya mikarafuu. Lipa kiingilio, chukua muongozaji, wenyeji tunalipa kidogo kuliko wageni. Mivule mle ndani unaitazama mpaka shingo inauma. Vaa viatu vya kufunika. Mie nilikuwa na kandambili, siafu wakanipokea. Mbele ya msitu kuna njia ya pwani ya Vumawimbi, na wallahi jina hilo halikuongezwa chumvi. Mchanga mweupe, hakuna mtu isipokuwa wavuvi wanaotengeneza nyavu, na mawimbi yanavuma kweli. Hakuna duka. Chukua maji Konde.

Mnara wa Ras Kigomasha uko mwisho kabisa, wa chuma, umejengwa mwaka 1900. Tulifika jua linaelekea kuzama. Mjukuu alinionyesha kwa kidole mkondo ulivyo, maji mepesi ya buluu karibu na mwamba, kisha mstari, kisha kiza, kwa vile kina kinaanguka ghafla. Hatukukaa. Njia ya kurudi usiku na pikipiki yenye taa moja ya kukonyeza si ya kusifia.

Usiku bibi alinipa kitanda chake na shuka mbili, kisha akaniongezea blanketi. Feni ilikuwa pembeni imefunikwa kitambaa.

Jumamosi nilitakiwa niwe Mkoani mapema, na kwa mtu wa Konde mapema maana yake alfajiri: gari hadi Chake, gari nyingine hadi Mkoani, na katikati kuna kusubiri kusikopangika. Niliamka kabla ya adhana, nikasikia mvumo uwanjani. Nikatoka. Bibi alikuwa ametoa waya dirishani, feni imesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, inavuma namba tatu, naye ameinua ungo juu ya bega anaumwaga mchele polepole kwenye jamvi. Pumba zote zinarukia kwa mbuzi. Mchele unaanguka safi, mweupe.

"Kusi linavuma huko baharini," akaniambia bila ya kugeuka. "Uwanjani mwangu migomba inalizuia. Siku zote nasubiri upepo mie."

Nikamshikia ungo wa pili. Tukapepeta mpaka gari ikapiga honi, nikapanda na nywele zimejaa pumba, na begi langu moja limezaa mizigo mitatu: mkungu wa ndizi, halua niliyoinunua Wete, na mchele kilo tano za kumpelekea binti yake. Boti ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda, inakwenda imeelekea upepo, na limau nililisahau Konde.

Jirani alinipokea mlangoni. Akaupima mchele kwa mkono, akaunusa, akasema mwaka huu mama katwanga safi, hauna hata pumba moja.

"Na usingizi? Anapata?"

"Anapata," nikamwambia. "Feni kaipenda sana. Asubuhi haimtoki mkononi."